Dhahabu Tunayoiacha Mwaloni: Binti Zetu na Masomo ya Teknolojia Vyuo Vikuu



Mtu aingiaye Nyarugusu alfajiri, nasi twasema Nyarugusu hii yetu ya Geita wala si ile ya Kasulu yenye kambi ya wakimbizi, husikia mngurumo wa makarasha kabla ya kusikia kengele ya kanisa. Akifika kwenye mialo atawakuta akina mama wamekwisha kuketi kazini. Wengine wanaponda mawe kwa nyundo, wengine wanachekecha unga wa mawe, wengine wanaosha marudio ambayo wenye maduara wameyaona hayana faida tena, na wengine wanachanganya zebaki kwa mikono mitupu ilhali mtoto mchanga yuko mgongoni. Binti zao, siku wasizokwenda shule, huwa kando yao na ndoo za maji.

Katika mkoa huuhuu umo mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, na upande wa Shinyanga uko mgodi wa Bulyanhulu. Huko mwamba ulio ndugu wa mwamba wetu hupimwa kwa mitambo, huchorwa kwa kompyuta, hupasuliwa na kuchenjuliwa kwa hesabu zilizopigwa na wahandisi. Mhandisi aketiye katika ofisi ya mgodi hana akili ambayo Mwenyezi Mungu amemnyima binti wa mwaloni. Alichopata yeye ni miaka mingi ya kusoma Hisabati na Fizikia bila kukatizwa.

Katika kikao kimoja cha Halmashauri ya Walei tuliulizana: tangu tuanze kubatiza hapa kwetu, ni binti wangapi tuliowabatiza ambao wameingia chuo kikuu kusoma uhandisi wa madini, wa umeme, wa ujenzi, au sayansi ya kompyuta? Tukaanza kuhesabu. Vidole vya mkono mmoja havikwisha. Mzee mmoja akasema, "Tuendelee na ajenda nyingine." Waraka huu mdogo tumeuandika kwa sababu hatukukubali kuendelea na ajenda nyingine.

Tunataka kusema jambo moja tu. Mlango wa masomo ya teknolojia haufungwi Dar es Salaam wala Dodoma. Hufungwa hapa kwetu, Kidato cha Pili, na mikono inayousukuma ni yetu sote: ya wazazi, ya walimu, ya viongozi wa jumuiya, na ya mapadre. Na kwa kuwa sisi ndio tunaoufunga, sisi ndio tunaoweza kuufungua.

UNGAMO LETU

Kabla ya kuwanyoshea wengine kidole, yatupasa kuanza na nafsi zetu.

Miaka kadhaa iliyopita alitujia msichana wa jumuiya moja ya hapa, ambaye mama yake alikuwa akiponda mawe. Alikuwa amemaliza Kidato cha Nne. Shule aliyosoma ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa Fizikia, hata hivyo alijisomea kwa daftari la kuazima akapata ufaulu wa kutosha, na katika Hisabati aliwapita wavulana wote wa darasa lake. Alitaka ushauri juu ya mchepuo wa Kidato cha Tano. Alikuwa na hamu ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, ili baadaye aombe uhandisi wa umeme.

Sisi tuandikao waraka huu, tuliosoma falsafa na teolojia seminarini kwa michango ya waumini, tulimjibu kwa upole wa kibaba. Tulimwambia kwamba uhandisi ni kazi ya kupanda nguzo na kulala maporini, na kwamba Historia, Kiswahili na Kiingereza vitampatia ualimu, kazi yenye heshima kwa mwanamke. Alitii. Matokeo yake ya Kidato cha Sita hayakuwa mabaya, lakini nafasi za ualimu wa masomo hayo zilikuwa zimejaa waombaji, naye akarudi nyumbani.

Leo ana kibanda cha kutengeneza simu na redio karibu na soko. Katika mkesha mmoja wa Pasaka kipaza sauti cha kanisa kilikata sauti wakati wa masomo, na mafundi wawili wa kiume walishindwa. Aliyekifungua, akagundua kasoro na kuunganisha waya kwa bisibisi ya kuazima, ni yeye. Tulimshukuru mbele ya waumini, nao wakapiga makofi. Usiku ule hatukulala vizuri. Hatukumkataza kwa nguvu wala kwa chuki. Tulimkataza kwa ushauri mwema, na ndivyo binti wengi wa Nyarugusu wanavyokatazwa.

HOJA TUNAZOZISIKIA

Kila tunapoligusa jambo hili, hujibiwa kwa hoja nne. Tuzipime moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza husema: "Mlango uko wazi. Hakuna sheria inayomzuia msichana." Ni kweli kwamba leo hakuna sheria hiyo. Lakini tukumbuke tulikotoka. Elimu ya juu ya Afrika Mashariki ilianzia katika ufundi, na ufundi huo ukapewa wanaume peke yao. Makerere ilipofunguliwa mwaka 1922 ilikuwa shule ya ufundi yenye vijana 14, wote wa kiume, wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Wito wa chuo uliwahimiza wawe wanaume. Wasichana wa kwanza, sita tu, waliingia mwaka 1945, miaka 23 baadaye, na ndipo wito ule ukabadilishwa. Aliyetangulia miaka 23 katika mbio hawezi kumwambia aliyechelewa kwamba njia ni moja kwa wote.

Tena historia ya nchi yetu inatufundisha kwamba kanuni iliyo sawa kwa wote yaweza kuzaa matokeo yasiyo sawa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba wahitimu wa Kidato cha Sita wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu. Liliwahusu wote, wa kiume na wa kike. Lakini kwa msichana miaka ile ya kungoja ilikuwa miaka ya kuolewa na kuzaa, na idadi ya wanawake walioingia chuo ikashuka. Mwaka 1976 wasichana wakaondolewa katika sharti hilo. Viongozi wa wakati ule hawakusema "mlango uko wazi". Walitazama ni nani anayepita mlangoni na nani asiyepita, kisha wakarekebisha.

Sasa tutazame kwetu. Katika shule nyingi za sekondari, baada ya Kidato cha Pili mwanafunzi huruhusiwa kuacha Fizikia na Kemia. Ana umri wa miaka 15 au 16. Akiacha masomo hayo mwaka huo, uhandisi umekwisha kumpita, hata kama hajawahi kulisikia neno hilo. Anayetoka shule akaenda kuchota maji ya mwaloni, akapika, akalea wadogo zake, ndipo akashika daftari saa nne usiku kwa mwanga wa simu, ataacha lipi kwanza? Ataacha lile linalotaka muda na utulivu. Kaka yake, ambaye jioni yake ni yake mwenyewe, ataendelea. Halafu tunasema kila mmoja amechagua kwa hiari yake.

Hoja ya pili husema: "Hisabati si ya wanawake." Wanaoisema hoja hii hawajawahi kununua wala kuuza dhahabu na akina mama wa mwaloni. Mama ambaye hakumaliza darasa la saba hukokotoa gramu na pointi, hutoa gharama ya karasha, ya maji na ya zebaki, hugawa mifuko ya mawe na mwenye duara, na wala hamdanganyi mtu wala hadanganyiki. Wakitaka ushahidi wa vyuoni, wamtazame Profesa Verdiana Masanja, aliyezaliwa Bukoba, pwani ya ziwa hilihili letu, mwaka 1954. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapata shahada ya uzamivu mjini Berlin, na ndiye mwanamke Mtanzania wa kwanza kufikia daraja hilo katika Hisabati. Wazitazame pia shule za wasichana za Kanisa, kama St. Francis ya Mbeya na Marian ya Bagamoyo, ambazo mara nyingi zimekuwa miongoni mwa shule za juu kabisa nchini katika matokeo ya taifa. Wasichana wale hawana ubongo wa namna nyingine. Wana maabara, walimu, bweni na muda. Nasi Kanisa tujiulize bila kujificha: katika shule zetu nzuri kama hizo, ni mtoto gani wa mponda mawe anayeweza kulipa ada?

Hoja ya tatu husema: "Msichana akisoma sana hataolewa, na mahari yake itapotea." Hapa hatuna budi kusema kwa ukali kidogo. Baba anayemtazama binti wa Kidato cha Pili akaona idadi ya ng'ombe, amemgeuza mtoto wa Mungu kuwa bidhaa ya mnadani. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inatoa adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakwenda kinyume cha Katiba. Na bado tunajua, ninyi mnajua nasi tunajua, kwamba mambo haya "humalizwa kifamilia". Wazee huketi chini ya mti, ng'ombe huhesabiwa, mwalimu hunyamazishwa, na katika kikao hicho wakati mwingine yupo mtu anayesoma masomo kanisani Jumapili. Mtu huyo ajue kwamba anashiriki dhuluma.

Tena tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya ujauzito warudi masomoni. Katika jumuiya zetu wamerudi wangapi? Au sisi waumini tumekuwa wakali kuliko waraka wa Serikali, tukamtenga binti aliyejifungua hadi akaona aibu kuvaa tena sare ya shule?

Hoja ya nne husema: "Kuwasaidia wasichana ni kuwaonea wavulana na kushusha kiwango." Tujibu kwa mifano. Mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana waombaji alama 1.5. Wanawake chuoni wakaongezeka sana, na hilo ni jema. Lakini katika uhandisi na sayansi waliendelea kuwa wachache, kwa maana alama ya nyongeza haimsaidii binti ambaye aliacha Fizikia miaka minne kabla ya kuomba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika masomo ya sayansi na baadaye ya uhandisi, kiliongeza njia nyingine. Wasichana waliokuwa na ufaulu lakini hawakufikia ushindani wa moja kwa moja waliitwa chuoni kwa majuma kadhaa kabla ya mwaka wa masomo, wakafundishwa kwa bidii, wakapewa mtihani. Waliofaulu waliingia, wakasoma darasa moja na wavulana na kufanya mitihani ileile. Hapo kiwango kilishushwa wapi? Walichoongezewa ni mafundisho waliyokuwa wamenyimwa. Na mafundisho ya namna hiyo hayahitaji kungoja chuo kikuu. Yanaweza kuanza Nyarugusu, Jumamosi ijayo.

HAKI SI HISANI

Tangu zamani Kanisa limefundisha, pamoja na Mtakatifu Thoma wa Akwino, kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Hisani hutolewa na aliye nacho kwa moyo wake, akipenda. Haki hudaiwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulikemea ubaguzi wa kijinsia katika haki za msingi za mtu, na kati ya mifano yake ukamtaja mwanamke anyimwaye elimu iliyo sawa na ile ya mwanaume. Mwaka 1995 Mtakatifu Yohane Paulo II aliwaandikia barua wanawake wa dunia nzima, na mwaka huohuo ulifanyika mkutano wa Beijing, ambao Katibu wake Mkuu alikuwa mwana wa Ukerewe, Mama Gertrude Mongella. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto wao. Hatuwezi kuendelea kusema kwamba jambo hili ni jipya.

Wapo watakaouliza kwa nini Tume ya Haki na Amani ishughulike na Fizikia. Tunawajibu: kwa sababu wanaopata ujuzi ndio wanaoamua dhahabu hii itatoka vipi na itamwacha nani akiwa mgonjwa. Kanuni za mwaka 2018 zinaitaka migodi iwape Watanzania kipaumbele katika ajira na zabuni. Kipaumbele hicho hupewa mwenye cheti. Asiye nacho atapewa ufagio. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Kuiondoa zebaki mialoni kunahitaji watu wa kubuni mitambo midogo inayoweza kununuliwa na wachimbaji wadogo. Nani atakuwa na uchungu wa kuibuni kuliko binti ambaye ameiona mikononi mwa mama yake?

Tumkumbuke pia yule mtumishi wa Injili aliyefukia talanta ardhini. Hatusomi kwamba aliiba au aliitapanya. Alihukumiwa kwa kuifukia. Nyarugusu tunajua kufukua kuliko watu wote, lakini kila mwaka tunafukia.

YATUPASAYO KUTENDA

Serikali ina wajibu wake, nasi tuudai bila woga. Walimu wa Fizikia na Hisabati waletwe katika shule zetu za kata, na maabara zilizojengwa zipate vifaa. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inataka mpango wa mgodi wa kuihudumia jamii uandaliwe kwa makubaliano na halmashauri. Shule ya wasichana ya Nyankumbu, iliyojengwa mjini Geita kwa fedha za mgodi, inaonyesha jambo linalowezekana. Viongozi wa walei waulize katika mikutano ya kata: mabweni ya wasichana na maabara vimo katika mpango wa mwaka huu?

Lakini yako mambo ambayo hayamngojei waziri.

Kwanza, tunapendekeza kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwajue kwa majina binti zake walioko Kidato cha Kwanza na cha Pili, na kabla mmoja wao hajaacha Fizikia, wazazi na kiongozi wa jumuiya waketi naye na mwalimu wake.

Pili, Jumapili kwenye Misa tunawaona mafundi, wapimaji na wahandisi wa migodi. Tunawaomba saa mbili za Jumamosi, katika ukumbi wa parokia, za Hisabati na Fizikia. Kompyuta ya ofisi ya parokia, ambayo kazi yake imekuwa kuchapa matangazo ya ndoa na stakabadhi za zaka, itakuwa wazi kwa wanafunzi hao kila siku alasiri. Sisi mapadre tutatunza ratiba, nasi tutawajibika isipofuatwa.

Tatu, maombi ya chuo na ya mkopo siku hizi hupitia kwenye intaneti, yana tarehe za mwisho, na Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Binti aliyefaulu aweza kuikosa nafasi kwa kukosa karatasi. Tunaiomba WAWATA ilibebe jambo hili: kila binti aliye sekondari awe na cheti chake cha kuzaliwa kabla ya kufika Kidato cha Nne. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 ada imefutwa hadi Kidato cha Sita, na upo ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi. Fedha hizo zinawangoja waliobaki katika sayansi. Tusiwatoe wetu njiani.

Nne, na hili litawaudhi wengi. Kijana wetu akitaka kuoa, kamati huundwa kwa siku moja, kadi za michango husambazwa, mwenyekiti hupiga simu usiku na mchana, na katika majuma machache mamilioni hupatikana kwa ajili ya ukumbi, muziki na nguo za sare. Hatujawahi kuona kamati ya namna hiyo kwa ajili ya binti aliyepata nafasi ya kusoma uhandisi, naye hana nauli ya kufika chuoni wala godoro. Sisi hatupingi harusi, maana Bwana wetu mwenyewe alihudhuria ile ya Kana. Tunachosema ni kwamba kuanzia sasa kila kamati ya harusi itakayokutana katika ukumbi wa parokia itaombwa kutenga sehemu ya kumi ya michango yake kwa Mfuko wa Masomo, utakaosimamiwa na walei na hesabu zake kubandikwa mlangoni mwa kanisa.

Msichana yule wa kibanda cha simu tumemwendea, tukamwomba radhi. Alicheka, akasema yamepita. Kisha akatuuliza kama mdogo wake wa kike, aliyeko Kidato cha Pili, anaweza kuja Jumamosi. Tumemwambia aje. Ndugu zangu, ataingia ukumbini amkute nani?

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu wako binti wangapi wa Kidato cha Kwanza na cha Pili? Kila mmoja ana saa ngapi za kusoma baada ya kazi za nyumbani? Na ndugu zake wa kiume?

2. Je, tumewahi kumshauri binti aache somo kwa kuwa "si la wanawake"? Tumrudie na kumwambia nini?

3. Je, tunajua kesi iliyomalizwa kifamilia? Nani kati yetu alikuwepo, na sasa yatupasa kufanya nini?

4. Ni nani katika jumuiya hii ajuaye Hisabati, Fizikia, umeme au kompyuta? Atatoa Jumamosi zipi?